Mkono wa Bi Sada

Jamani, mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Niliolewa Chanika, nikaachika, nikarudi kwa baba yangu, Mzee Mwishehe, kule Kibuta na begi moja, na watu wakakaa vibarazani wakisubiri nikonde. Sikukonda. Nililima muhogo. Lakini Jumapili ile niliposikia kirikuu cha Yassin kinapanda kilima cha shuleni, nilijikalia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nusura nijikate.

Ndani ya gari lile alikuwamo mama yake, Bi Sada wa Pangani, Kibaha. Alikuwa anakuja kuniangalia. Akirudi kwake na neno hapana, mimi na Yassin tumekwisha, na hilo Yassin alishaniambia bila kuzunguka.

"Nakupenda, Biasha. Nakupenda hadi nakosea kumwagilia miche ya watu," aliniambia tukiwa bustanini kwake Mlandizi, pale kando ya barabara anapouza michungwa na mikorosho. "Lakini mama alinilea peke yake. Sitaoa huku yeye analia."

Nilimchukia kwa maneno yale, na hapo hapo nikazidi kumpenda. Mwanaume asiyemjali mama yake, mimi atanijali kwa lipi?

"Kwani mama anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema umeshawahi kuachika."

"Kweli. Si siri."

"Anasema Kibuta ni mbali, na wewe hutaki kuhamia kwetu."

"Nimwache baba na nani? Mguu wake mmoja umepooza, Yassin, unajua."

"Najua." Akakwangua udongo kwenye kucha. "Halafu anasema unafuga mbwa."

Hapo nikacheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua miche akageuka. "Na umemwambia huyo mbwa kaniletea nani?"

Yassin aliitazama michungwa yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Sijapata nafasi," akasema.

Basi ndivyo alivyo Yassin wangu. Macho yake makubwa, mapole, ukimwangalia hasira inayeyuka kabla hujaimaliza. Mbwa aliniletea yeye kwa sababu mwaka ule nguruwe pori walinimaliza. Baba hapendi hata kuwataja kwa jina, anawaita "wale wageni." Wale wageni waliingia shambani wakafukua muhogo wote wa upande wa bondeni, wakaacha mashimo kama watu wanaochimba msingi wa nyumba. Nililia siku ile, na Yassin alinikuta nalia. Wiki iliyofuata akaja na kreti ya miche, na katikati ya miche kichwa cha kahawia kikachomoza.

"Jibwa la akina Magembe limezaa," akasema. "Wale wafugaji ninaonunua kwao samadi. Nimemwomba mmoja. Akikua, mgeni hatagusa muhogo wako."

Nani amewahi kukuletea kitu kama kile, mwenzangu? Wengine wanaletewa maua ya plastiki. Mimi nililetewa ulinzi. Baba akasema dini haikatazi mbwa wa shamba, mradi mate yake tuyajue na tuyaoshe inavyotakiwa, mara saba na udongo ukiwamo. Tukamwita Mgambo.

Sasa, Mgambo alikuwa anang'ata. Alikuwa na vimeno kama sindano za cherehani, na kila kinachotembea kwake kilikuwa cha kutafunwa. Alining'ata vifundo vya miguu. Aling'ata pindo la khanga nikavuta, naye akavuta, akaona ni mchezo. Alining'ata vidole mpaka nikawa nalima nikiwa na glavu za mpira za Yassin. Majirani walifurahi, eti ndiyo ukali huo, mpe na pilipili kidogo. Baba naye alisema zamani walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Mimi nikasema sitaki. Nataka amkimbize nguruwe, sitaki amtafune mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Nikampigia simu Rosalia, mke wa Magembe, ambaye sikuwa hata namfahamu kwa sura.

"Dada, unamchapa?" akaniuliza.

"Nimemchapa na ufito. Akazidi."

"Usimchape. Anaona unacheza naye. Akikuuma, piga yowe dogo, kama mtoto wa mbwa mwenzake aliyeumizwa. Halafu mpe mgongo. Usimwangalie, usimsemeshe. Wote hapo nyumbani, mpeni mgongo mpaka alale chini. Mbwa hawezi kuvumilia kunyimwa uso."

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu. Akishatulia, mnyooshee mkono taratibu, mwache aulambe. Atajua mkono si mfupa."

Mungu ambariki Rosalia popote alipo na ng'ombe wake. Nilianza siku ile ile. Mgambo akiuma, napiga "wii!" na kumgeukia ukutani. Baba kwenye kiti chake, mzee wa watu, akaanza naye kupiga "wii!" na kuzungusha shingo. Majirani wakija tunawafundisha mlangoni. Wapo walioniona nimepata wazimu wa talaka. Lakini Mgambo alikuwa akifika kwenye migongo yetu analia, anazunguka, mwisho anajilaza kidevu chini. Nikimnyooshea mkono, na glavu yangu, analamba. Ilifika siku akaja mdomo wazi, akakumbuka, akafumba, akalamba. Nilimpigia simu Yassin nikapiga vigelegele kwenye simu.

Kwa hiyo Yassin aliponiambia mama anakuja, akaongeza kwa sauti ndogo, "Labda siku hiyo Mgambo tumrudishe kwa akina Magembe, japo kwa mchana," nilikasirika kweli.

"Nimfiche?"

"Siyo kumficha, ni..."

"Yassin, leo nifiche mbwa, kesho nifiche nini? Baba na mguu wake? Talaka yangu niiweke chini ya mkeka? Mama aje aone nyumba ilivyo. Mgambo haumi tena. Nimemfundisha kwa mikono yangu."

Akasema, "Ndiyo maana nakupenda."

Haya, kirikuu kikasimama. Yassin akashuka mbio kumfungulia mama yake. Bi Sada alikuwa mwembamba, baibui limepigwa pasi, na pete ya fedha iliyomlegea kidoleni akaizungushia uzi isidondoke. Alitazama nyumba, akatazama mashimo ya bondeni, akanitazama mimi kuanzia utosini.

"Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hm," akasema.

Alisalimiana na baba vizuri, wakaulizana hali na watu wa huku na kule. Akakaa kwenye kiti cha barazani. Yassin alisimama karibu na nguzo, na kila nikipita na sinia ananiangalia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nilikuwa natamani hata nimguse kiganja. Sikuweza.

Hapo ndipo Mgambo alipotokea nyuma ya nyumba.

Bi Sada alinyanyua miguu yote miwili. "Huyo!"

"Usiogope, mama, haumi," nikasema. Sauti yangu ilijaa majivuno, nakiri. "Nimemfundisha. Hata ukimnyooshea mkono."

"Haumi?"

"Haumi kabisa."

Akanitazama, na machoni mwake kulikuwa na kitu sikukielewa. Akashusha mguu mmoja, halafu mwingine. Akakunja mkono wa baibui, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya pua ya Mgambo.

Mgambo alikuja mdomo wazi. Akakumbuka. Akafumba. Kisha akaulamba mkono ule kwa moyo wake wote, kuanzia kwenye kucha mpaka kifundoni, pete na uzi wake, akarudia tena upande wa pili.

Muda ule ule adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini.

Mwenzangu! Kulamba nilikokuwa nakushangilia siku zote, nilikuwa nimekupokea kwenye glavu. Glavu unaivua unaitupa kwenye ndoo, basi. Haikunijia hata mara moja kwamba mkono wa mtu hauvuliwi. Angeng'ata nguo, tungeomba radhi. Lakini mate ya mbwa, mkono mzima, mama mtu mzima, wakati wa swala umeingia! Nilikuwa nimeondoa kosa moja nikamfundisha jingine kwa bidii.

"Laa haula," baba akanong'ona.

Yassin akafumba macho. "Mama..."

"Wewe nyamaza," Bi Sada akasema. Mkono wake ulikuwa bado angani, kama haujui uende wapi. "Kaa huko huko na mzee."

Machozi yalinifika hapa. Lakini kulia kungemsaidia nani? Nikamshika mama wa watu kiwiko. "Twende, mama. Nitakuosha."

Nyuma ya nyumba, karibu na tangi, kuna stuli na ndoo na kopo lenye udongo msafi niliouchekecha mwenyewe. Bi Sada akalitazama lile kopo.

"Hili la nini?"

"La Mgambo, mama. Nafuga mbwa, nitakosaje udongo? Baba anasali hapa. Mimi nasali hapa."

Akakaa kwenye stuli. Nikalegeza uzi, nikaitoa pete nikaitia kwenye kibakuli. Nikachanganya udongo na maji, nikaanza kumpaka mkono, taratibu, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kifundo. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa baridi ingawa jua lilikuwa kali, na vidole viwili havikunyooka vizuri. Nilivishika kwa uangalifu nisimuumize.

"Vinaniuma wakati wa mvua," akasema ghafla.

"Pole, mama. Unavichua?"

"Nani anichue?"

Nikamwagia maji. Tena. Mara saba ni nyingi, jamani, mkiwa wawili na hamna la kusemezana. Kwa mbali nilimwona Yassin kwenye kona ya nyumba, amejificha nusu, anatuchungulia. Tulipogongana macho aliweka mkono kifuani. Niliuona upendo wake wote pale kwenye kona, na nikamwomba Mungu nisimpoteze mtu huyu kwa ulimi wa mbwa.

"Tangu nimzae Yassin," Bi Sada akasema huku anautazama mkono wake ndani ya mikono yangu, "hakuna mtu aliyenishika mkono muda mrefu hivi."

Nikamwagia maji ya mwisho, nikamfuta kwa khanga safi, nikaisafisha pete na uzi wake vile vile. Na hapo, bila aibu hata kidogo, Mgambo akaja tena mkia juu, ulimi nje.

"Mama, geuka!" nikapiga kelele. "Mpe mgongo! Ukutani, haraka!"

Sijui kwa nini alinitii. Nadhani ni ile kelele. Aliinuka, akageuka, akaubana mkono wake uliokwishaoshwa kifuani, na mimi nikageuka kando yake. Tukawa tumesimama mabega pamoja, pua zetu karibu na udongo wa ukuta wa jikoni, kama watoto wa shule walioadhibiwa. Nyuma yetu Mgambo akawa analialia na kuzunguka.

"Tunafanya nini?" akaninong'oneza.

"Tunamnyima uso, mama. Akija na mdomo wake, hatumwangalii, hatumsemeshi. Mpaka alale."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alale, mama. Naomba uvumilie."

Nikasikia mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, kiganja kikiwa kimebana kifua, mpaka akaegemeza paji la uso ukutani. Kisha kicheko kikaisha, na hakuondoa uso wake pale.

"Biasha."

"Abee mama."

"Mkono niliunyoosha ili aning'ate."

Nikageuza kichwa. "Usigeuke," akasema, "hajalala." Nikarudi ukutani. "Nilitaka aning'ate. Akining'ata napata sababu. Naingia kwenye gari, nafika Pangani, nawaambia watu, yule mwanamke ana mbwa wake kaniuma, haiwezekani. Mbwa mnamsingizia tu. Hata hiyo talaka yako ni maneno. Mimi mwenyewe niliachwa na mimba ya Yassin."

"Sasa tatizo ni nini, mama?"

Sijui kama angeniambia tungekuwa tunatazamana.

"Akija kukaa huku, mimi nabaki na nani? Nyumba ya vyumba vinne. Akichelewa tu Mlandizi nawasha redio ili nisikie sauti ya mtu. Nawasha na ya chumbani. Hilo nitamwambiaje mwanangu? Ataacha kuoa kwa ajili yangu, halafu nitamwona anazeeka mbele yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mama mkwe mkali, nina maneno yangu yote tayari, na hapa palikuwa na mtu anayeogopa nyumba tupu. Mimi nyumba tupu naijua. Chanika, miezi ya mwisho, nilikuwa nalala na taa inawaka.

"Sitakudanganya, mama," nikasema. "Baba siwezi kumwacha. Na sitaki Yassin akuache. Sijui tutafanyaje, Mungu ndiye anajua. Lakini simtaki kwa kukuliza wewe. Ukisema hapana leo, nitakusindikiza mpaka kwenye gari kwa heshima, na sitamwambia kwa nini."

Nyuma yetu kelele zilikuwa zimekoma. Nikachungulia chini ya kwapa. Mgambo alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu, macho yanatuomba msamaha.

"Kalala, mama."

"Basi nipe maji ya kutawadhia," akasema. "Swala inapita."

Alisalia chumbani kwangu, kwenye mkeka wangu. Nilimsubiri mlangoni na pete yake kwenye kibakuli, na alichukua muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikula wali na kisamvu, akaomba kiongezwe nazi. Alizungumza na baba habari za miguu na mafuta ya kuchua. Kwangu hakusema lolote, wala kwa Yassin. Yassin hakula. Alikuwa anachezea tonge tu, mara ananitazama mimi, mara mama yake, na mimi nikimtazama natikisa kichwa kwamba sijui.

Jua lilipoanza kupungua ukali, Yassin akainuka. "Mama, twende? Njia ile ikiingia giza ni mbaya."

"Nenda," Bi Sada akasema.

"Twende basi."

"Nimesema nenda. Wewe." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha barazani, miguu imenyooka kwenye mkeka, Mgambo hatua kadhaa kutoka kwake, wanatazamana kama majirani wapya. "Mimi nalala hapa. Binti Mwishehe ataniazima khanga ya kulalia na atanichua hivi vidole. Eti, mwanangu?"

Mwanangu! Niliitikia kwa kichwa.

Yassin alisimama na funguo mkononi. "Unalala hapa? Mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa. Ijumaa baada ya swala uje na baba yako mdogo Jumbe, mvae vizuri, mje kuposa kama watu. Na mje mkijua kwamba mzee huyu ana chumba kimoja hakina mtu. Nimeshakiona. Nitakuwa nakuja nikitaka na kuondoka nikitaka, na hakuna wa kuniuliza."

"Karibu sana, dada," baba akasema.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya kiti chake, nimeushika ule mkono, na safari hii machozi sikuyazuia. Nilisema asante, mama, asante, mpaka akaniambia inatosha, nitamlowesha aanze kuosha upya.

Yassin alishuka baraza kinyumenyume, anacheka na kulia kwa pamoja, akajigonga kwenye mlango wa kirikuu. Kabla hajawasha gari alinitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote. Halafu akamtazama mama yake.

"Mama, sasa mimi kule nyumbani nitakaa na nani?"

Bi Sada akazungusha uzi wa pete yake polepole.

"Kuna redio mbili," akasema. "Washa zote."